Kanda ya Jando la Namasakata

Msamala, Songea
4 Machi 1994

Baba mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi sijambo, natumaini wewe na mama ni wazima na mgongo umepoa. Kassimu nilimwona mahabusu juzi. Amekonda, lakini anawasalimu sana.

Wakili Osmund, huyu ninayempigia chapa, amekubali kumtetea. Baba, kesi hii si mchezo. Mlinzi wa ghala la korosho alifia motoni, na atakayeonekana ndiye aliyewasha atanyongwa. Sisi tunajua usiku ule mdogo wangu Kassimu alikuwa hapo kijijini kwenye jando, anarekodi ngoma. Lakini maneno ya ndugu hayana uzito mahakamani.

Nilimweleza wakili habari za ile kanda niliyoisikia nilipokuja Idi. Aliruka kitini! Kassimu anasikika humo akiwahimiza watu waanze, na nyuma yake redio ya jirani yetu Jumanne inasoma taarifa ya habari ya saa mbili, tarehe inatajwa. Ghala liliwaka saa hiyo hiyo Tunduru mjini. Inatakiwa kanda yenyewe, siyo nakala. Mpe dereva wa lori la Gaspari.

Mwanao,
Shamimu

Namasakata
2 Aprili 1994

Mwanangu Shamimu,

Waalaykum salaam. Marahaba. Tunashukuru Mungu, mgongo ndio huo, hauniachi kama mama yako. Mvua imekata barabara, ndiyo maana nimechelewa.

Kanda ni hiyo, yenyewe. Jumanne alitaka kuinakili nikamfukuza kama kuku. Sasa, mama yako kuandika hajui, na tangu Kassimu achukuliwe analia kwamba hajasema naye hata neno. Nikaona kanda inakwenda Songea, isiende bure. Tukatia betri mpya, akamsemesha mwanawe. Usihofu, ngoma hatukugusa hata moja. Alisemea pale mwanzoni penye makelele ya redio tu, kabla watu hawajaimba.

Baba yako,
Nassoro

Msamala, Songea
17 Aprili 1994

Baba,

Shikamoo. Kanda imefika salama. Tumeisikiliza ofisini. Mama anasema kwa utulivu, na alipomwambia Kassimu asikatae chakula nilitoka nje. Akimaliza yeye, ngoma zinaanza. Redio haimo. Kassimu hayumo.

Baba, yale makelele ndiyo tuliyoyataka. Fundi wa redio hapa mjini amesema kilichofutwa hivyo hakirudi. Nimekasirika, sikufichi, na sijui nimkasirikie nani. Mama usimwambie. Wakili ataipeleka hivyo hivyo, na Jumanne aje aeleze kilichokuwamo.

Mwanao,
Shamimu

Namasakata
20 Agosti 1995

Mwanangu,

Salaam. Hatujambo kidogo. Jumanne amerudi kutoka mahakamani na hataki kunitazama usoni. Anasema nisubiri barua yako. Mama yako bado hajui kitu. Anauliza tu kama Kassimu aliyasikia maneno yake. Nimjibu nini?

Baba yako,
Nassoro

Msamala, Songea
2 Septemba 1995

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Kaa chini ndipo usome.

Wamemhukumu kunyongwa. Wakili anakata rufaa, lakini nimeishi na mafaili ya kutosha kujua uso wake unasema nini. Mwendesha mashtaka alisema kanda iliyorekodiwa sauti nyingine juu ya ile ya kwanza haiaminiki, aliyetia sauti moja angeweza kutia nyingine. Jaji alikubali. Jumanne akaonekana rafiki tu anayemtetea mwenzake.

Lakini kabla ya kuikataa, jaji aliamuru ipigwe yote. Mama alisema Kiyao chake, na mkalimani akawa anamtafsiria jaji: kula mwanangu, jifunike vizuri, huko Songea kuna baridi. Kassimu alisimama kizimbani akamwitikia kila neno, kwa Kiyao, kwa sauti, kama yupo hapo jikoni kwenu. Askari alimshika bega anyamaze. Jaji akasema mwache.

Mwambie mama alisikia. Mwambie alimjibu. Hayo mengine nakuja kuyasema mwenyewe.

Mwanao,
Shamimu