Fisi Aliyevaa Makubazi

Mjukuu wangu, mavuno yamepita hujaonekana, huoni haya? Marahaba. Sisi wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa.

Unasema huko Dar es Salaam Wajerumani wameonyesha picha zinazotembea za kitabu kimoja cha kutisha, na sasa hulali. Nilipokuwa msichana, fisi-mtu wa hadithi zetu alitutokea kweli, kwenye mchanga wa mto tulikochimba maji. Wenzangu wakakimbia, wakaacha kisima. Mimi nikamtazama miguuni.

"Tangu lini fisi akavaa makubazi?" Nikampasulia kibuyu kichwani.

"Basi, dada, utaniua!"

Kumbe mchunga ng'ombe, kajifunika ngozi ya fisi, anataka kisima chetu! Siku ile wanawake tulichota kwanza, ng'ombe wake wakangoja.

Na wewe, picha hizo zitazame miguuni. Ukija, mwambie babu yako akuonyeshe kovu la kibuyu.