Kabati Limeshushwa, Wifi Hajarudi

Nyumba ya uani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, baada ya mvua ya asubuhi.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, za moto kama pasi ninayoshinda nayo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia au bado anakidanganya kwa chai ya tangawizi? Watoto je, wanakua? Wabusu wote, na yule wa mwisho mfinye kidogo kwa niaba yangu, maana bado sijamsamehe kwa kunikatia simu.

Sisi huku miili ni mizima. Mimi nipo palepale kwa dobi, napiga pasi mashuka ya hoteli na sare za hospitali, mvuke umenikausha viganja mpaka nikishika kitambaa laini kinanasa. Jirani yetu Mama Redio hajambo, na habari za mtaa mzima anazo kabla hata hazijatokea. Mvua tunapata. Bei usiniulize.

Haya, najua umeshaanza kuruka mistari ukitafuta habari za kaka yetu Fundi. Dada, wifi harudi. Nimelisema mapema ili usisome barua hii yote ukiwa na matumaini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nayo na yamenichosha.

Wewe ulisikia vipande vipande kwenye simu, basi ngoja nikupe kisa kizima. Wakati wanaoana, wifi alimwomba mumewe amtengenezee kabati la vyombo, fupi, la kumfika kifuani. Mdogo wako, kwa ule ujuaji wake, akasema kabati la vyombo halitengenezwi hivyo. Akatengeneza refu, linakaribia dari, zuri ajabu, milango inafunguka bila sauti. Tangu hapo wifi akawa anapanda kigoda kila akitaka sahani. Akilalamika, anaambiwa kabati halina kosa. Siku moja walikuja wageni, manesi wenzake anaofanya nao kazi wodi ya wazazi. Fundi akasimama katikati ya sebule akawasimulia jinsi mke wake alivyotaka kabati la watoto wa chekechea. Watu wakacheka. Wifi naye akacheka. Wageni walipoondoka akaosha vyombo, akapanda kigoda, akavipanga, akashuka, akafunga nguo zake. Sasa anakaa kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali.

Ndipo wewe, na akili zako nyingi, ukamtumia Fundi kile kitabu chetu cha mapenzi. Eti asome ajifunze. Dada yangu! Mtu aliyemaliza shule akiwa amesoma vitabu vya hesabu tu!

Unakumbuka tulivyobishana juu ya kitabu kile mpaka mama akatuzimia taa? Wewe ulishika upande wa yule mwanamume mwenye kinu cha kusaga nafaka. Ulisema yeye ndiye aliyebadilika zaidi, maana anaingia ukurasa wa kwanza pua juu, anamcheka binti mshona kofia mbele ya wateja wake, na mwishoni anabeba magunia ya watu mgongoni na kuomba radhi barabarani. Mimi nikashika upande wa binti. Nilisema huyo mwanamume kaongeza adabu tu, wakati binti alianza kwa kumchukia hata kivuli chake akamaliza kwa kumpenda, na hakuna mabadiliko makubwa kuliko hayo. Uliniita mbishi. Ni kweli, mimi ni mbishi.

Fundi alikisoma. Lakini alikisomaje? Kama ramani ya mteja! Penseli yake ya kazi sikioni, kila jambo alilofanya mwenye kinu akalipigia mstari, kisha akaanza kutekeleza moja baada ya jingine kwa mpangilio uleule. Mwenye kinu alianza kusalimia watu, basi na yeye akaanza. Amesalimia mtaa mzima, mpaka wengine wakadhani anagombea uongozi. Mwenye kinu aliomba radhi kwa jirani, basi akamfuata Mama Redio kumwomba radhi kwa kitanda alichomtengenezea zamani kikavunjika, kile alichoapa kwamba kilivunjika kwa uzito wa mama huyo. Mama Redio alikaa chini. Mara ya kwanza katika maisha yake alikosa la kutangaza.

Nilicheka, dada, lakini usidhani alikuwa anaigiza. Amebadilika kweli, na mimi ni shahidi. Ananiuliza nimeshindaje na anasubiri jibu. Akikosea kipimo anasema nimekosea. Jioni moja nimerudi kazini nikamkuta amelilaza kabati sakafuni, analikata. Lile kabati! Alikata miguu, akapunguza safu nzima ya juu, akaunganisha upya, akalisimamisha, halafu akapiga magoti ili awe na kimo cha wifi, akanyoosha mkono kuona kama anafika. Nikaingia jikoni nikalia, sikutaka anione.

Wifi akaja kuchukua vyombo vyake. Alibisha hodi, kwenye nyumba yake mwenyewe. Alipoliona kabati alisimama kidogo, akafungua mlango, akachukua sahani zake bila kigoda. Akamwambia Fundi, "Kazi nzuri. Asante." Akafunga vyombo kwenye magazeti na kuondoka. Kaka alibaki anafurahi kama mtoto, kwamba amesifiwa, kwamba hakugombezwa. Mimi hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Wifi tunayemjua akiwa na kinyongo anakitapika palepale, na akimaliza anapika. Huyu aliyekuja alikuwa mpole kama mteja.

Sasa sikiliza alichofanya baada ya hapo, na usije ukamrushia kitabu, maana kitabu ni chako. Unakumbuka ile sura ambapo dhoruba inavunja dirisha la binti, na mwenye kinu anakwenda kulitengeneza kwa siri wakati mwenyewe hayupo? Binti anarudi, anaona dirisha jipya, anaelewa, anatokwa na machozi. Mimi na wewe tulilia pia. Basi Fundi naye alisikia kwamba dirisha la chumba cha wifi halifungi vizuri. Akamwomba mama mwenye nyumba amfungulie, wifi akiwa zamu, akaingia, akatoa fremu, akaweka nyingine, akafagia, akaondoka. Hakuacha hata neno, kwa sababu kitabuni mwenye kinu hakuacha neno.

Wifi alirudi akakuta mtu ameingia chumbani kwake. Hakulia machozi ya kitabuni. Alitoka nje, akakaa barazani kwa watu mpaka mama mwenye nyumba aliporudi akamweleza ni nani. Kesho yake akabadilisha kufuli.

Zamani, kwa kosa la namna hiyo, angekuja hapa akamwaga maneno mpaka majirani watoke na viti. Kaka alikuwa anamsubiri hivyo. Alivaa shati safi akakaa mlangoni, tayari kwa matusi, na nadhani alikuwa anayatamani. Hakuja. Alituma ujumbe kupitia kwa mama mwenye nyumba kwamba dirisha limekaa vizuri, anashukuru, ila asirudie.

Wiki hiyohiyo nikakutana naye pale kwa dobi. Zamani sare zake alifua nyumbani, mimi nikamnyooshea bure tukipiga soga. Siku hizi analeta kaunta, anapewa namba, anasubiri kwenye benchi. Nikamwita ndani kwenye joto letu. Sikujua nianzie wapi, basi nikaanzia kwenye kitabu. Nikamuuliza, kati ya wale wawili, yeye anaona nani alibadilika zaidi. Alikuwa anakunja gauni lake la kazi, mikono haikusimama.

"Binti," akasema. "Mwanamume alimpenda tangu mwanzo, alikuwa hajui kusema tu. Binti ndiye moyo wake ulihama kabisa."

Nikamwambia hata kaka amebadilika, njoo umwone, siyo yule. Akasema anajua. Amemwona, na anamwombea heri. Kisha akaniambia polepole, bila uchungu wowote, "Wifi, mimi simchukii. Nilimchukia kwa muda, chuki ikaisha. Nikalitafuta lile pendo la zamani, nalo sikulikuta."

Aliniambia ameomba uhamisho na amekubaliwa, anakwenda hospitali nyingine, mbali, na kwamba nimwambie kaka asimngojee. Akanishika bega, akaniuliza habari zako, akasema nikusalimu. Halafu akarudi kaunta, akalipia kama wateja wengine, akaondoka na sare zake mkononi.

Basi nimeshinda ubishi wetu, dada. Binti ndiye aliyebadilika zaidi. Nimeshinda na nina hasira, sijui hata namkasirikia nani. Wifi siwezi, hana kosa. Kaka siwezi, ameshajirekebisha kila mahali palipohitaji kurekebishwa. Nabaki kuwakasirikia wewe na mwandishi wako, kwamba mliwafunga wale wawili kwenye harusi mkatuambia mtu akijirekebisha anapokelewa. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kujirekebisha vizuri kabisa akakuta mlango hauna mtu nyuma yake.

Bado sijamwambia. Naomba umwambie wewe. Anakusikiliza wewe, na kitabu ulituma wewe. Mwandikie au mpigie, lakini usimpe maneno ya kumfariji ya nusunusu, maana atayapigia mstari na kuanza kuyatekeleza. Mwambie waziwazi kwamba harudi. Mimi nimejaribu mara nyingi, na kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula.

Mama Redio anakusalimu, na dobi mwenyewe, na mama mdogo aliyepita hapa juzi akasema umenona kwenye picha. Mungu awatunze nyote, awape usingizi mzuri na watu wa kurudi kwao jioni.

Fundi naye anakusalimu sana. Amesimama hapa nyuma yangu sasa hivi, nimeukunja ukurasa asisome. Ameniomba nikuulize kitu. Anasema kitabu amekimaliza, amefanya yote yaliyomo, na anataka kujua kama kina sehemu ya pili.

Nimemwambia nitakuuliza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tukigombana.