Mweria wa Gredi ya Tano

S.L.P. 57,
Msambweni.
24 Mei 2025.

Mpendwa Shangazi Warda,

Shikamoo, shangazi yangu. U hali gani huko Maskati, na magoti yako yanasemaje? Mwanao Nassir na mkewe hawajambo? Nasikia joto la huko halina adabu. Sisi hapa sote wazima, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya mvua, lakini sauti yake ya kunituma dukani haijapungua hata chembe.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini kwenye simu utanikata maneno katikati, nami safari hii nataka kusema mpaka mwisho. Kwa hiyo vaa miwani, kaa kitako, usome.

Unaikumbuka siku ulipoondoka, Januari? Ulinipa fimbo yako ya mkwaju, ile uliyofundishia Vanga miaka thelathini, ukaniambia, "Mwanarusi, watoto wa Gredi ya Tano si watoto, ni siafu. Bila hii hufiki Ramadhani." Mama alicheka, nami nikacheka, lakini roho iliniuma. Bodi ya shule ilikuwa imeniajiri kwa miezi mitano tu, ya kunijaribu. Mwalimu mkuu alinieleza waziwazi: darasa likitulia kufikia mwisho wa Mei, mkataba unaendelea. Lisipotulia, darasa anapewa Mwalimu Hesbon, nami nirudi nyumbani.

Watoto hamsini na wanane, shangazi! Nilipayuka mpaka koo likakauka. Nikamteua Jefwa awe kiranja, aandike majina ya wapiga kelele. Baada ya wiki mbili orodha ikawa tupu na kelele ziko pale pale. Kumbe bwana mkubwa alikuwa akifuta jina kwa pakiti moja ya mabuyu! Midomo ilikuwa imemwiva wekundu, nami kipofu nadhani ni afya njema.

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia haya. Rai, msichana atokaye ndani ndani huko nyuma ya Kikoneni, alichelewa siku ya tatu mfululizo. Nikaishika fimbo yako. Nilimchapa kiganjani mara mbili, na sheria yenyewe imekataza. Hakulia. Alikwenda zake kukaa, na tangu siku ile hakuinua tena mkono kujibu swali. Baadaye jirani yake aliniambia kwamba kwao huteka maji mbali kabla ya kuja shule. 

Jumamosi ile nilikwenda kwenye mweria, shambani kwa jirani yetu Kache. Unaujua mweria wetu, leo tunalima kwako, kesho kwangu. Nilikuwa nimelima toka utotoni lakini siku hiyo ndiyo niliyotazama. Mwenye shamba hakemei mtu. Yeye ndiye anayehangaika, apike uji, agawe mistari, ahakikishe hakuna aliyekaa bure. Na mama mmoja alipofika amechelewa hakuulizwa kitu. Alionyeshwa wenzake walipofika, akashika jembe. Nikajiuliza, Mwanarusi, na darasa lako mbona hulilimi hivi?

Jumatatu nikawagawa meza tisa, wepesi na wazito pamoja. Kila siku meza moja ndiyo mwenye shamba. Wao huandika swali moja ubaoni kabla ya wenzao kuingia, ili kila akaaye akute kazi inamngoja. Wao hugawa vitabu, hutazama saa, na huzunguka kumsaidia aliyekwama. Anayesumbua leo anajua kwamba kesho kutwa shamba ni lake, na wenzake hawasahau! Nami nikitaka kimya sipayuki tena. Napiga makofi kwa mdundo wa ngoma ya sengenya, wao wananijibu, kisha nazungumza kwa sauti ya chini mpaka walio nyuma wanajiinamisha ili wasikie. Na kwa mchelewaji kanuni ni moja: haulizwi mlangoni, anaonyeshwa tulipofika.

Usidhani lilikuwa jambo rahisi. Meza ya Jefwa ilipata zamu ya kwanza, ikagombana mpaka kengele ya mapumziko. Niliuma meno, nikawaacha. Kesho yake nikawauliza tu shamba lao lililimwa mpaka wapi. Jefwa mwenyewe akaomba zamu nyingine.

Rai ilimchukua wiki tano kuinua mkono. Siku alipouinua nilisahau swali nililouliza.

Sasa sikiliza. Jumatano hii mvua iliiharibu barabara, na bodaboda ya Swabir, inayonipeleka shule, ikazama kwenye tope. Simu haikushika mtandao. Nilitembea, viatu mkononi, buibui limelowa tope mpaka magotini, nikafika shule saa nne badala ya saa mbili. Njia nzima nawaza: mkataba umebakiza siku kumi, na siafu wako peke yao. Nikamwona Mwalimu Hesbon amesimama nje ya darasa langu, mikono kifuani, anachungulia dirishani. Nikasema, basi, kwisha habari yangu.

Ndani hapakuwa kimya, la. Palikuwa na ule mvumo wa watu wenye kazi. Zamu ilikuwa ya meza ya Rai. Walikuwa kwenye hesabu za sehemu, ukurasa wa pili tayari. Na kwenye benchi la nyuma, mtu mzima na miwani yake, alikaa mwalimu mkuu akichonga penseli! Baadaye aliniambia kwamba aliingia kuwasimamia, akaelezwa kwa heshima zote kuwa humu hakuna akaaye bure, akapewa kichongeo.

Nilisimama mlangoni natafuta maneno ya kujitetea. Rai akanijia. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipa chaki, akaninyooshea kidole ubaoni, akasema, "Mwalimu, tumefika hapa."

Nililia, shangazi. Mbele ya wote, na tope langu. Halafu nikaanzia pale.

Jana mwalimu mkuu alitia saini mkataba wa mwaka mzima, na muhula ujao Mwalimu Hesbon ataleta madaftari yake aje kujifunza kwangu. Ramadhani nimeipita, Idi nimeila! Kubali tu, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Fimbo yako sikuitupa, usinune. Nimeitundikia ramani ya Kenya, na inaning'inia vizuri.

Mama anakusalimu sana, na Mjomba Kibwana anauliza kanzu aliyoahidiwa. Nibusie wajukuu. Mwenyezi Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Ukija Septemba, nitakupeleka shule. Miaka thelathini ya fimbo isikutie haya mlangoni. Hakuna atakayekuuliza kitu. Rai atakuonyesha tulipofika.

Ni mimi mwana wa nduguyo, nikupendaye kwa dhati,

Mwanarusi