Ngumi za Jemadari Tufani

Sacramento,
Jumapili mchana.

Kwako kaka yangu Glenn,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwa Baba, ambako mlimau bado unazaa kama vile mwenyewe yupo wa kuuchuma. Goti linaendeleaje? Wifi yangu Patrice amenieleza kwamba daktari alikukataza kupanda ngazi, nawe siku hiyo hiyo ukapanda kusafisha mifereji ya paa. Pole, ingawa hustahili. Shangazi Sumi hajambo na anakusalimu. Mimi pia sijambo, ila presha imenipanda, na ukifika mwisho wa barua hii utamjua aliyeipandisha.

Usishangae kupata barua. Simu imenishinda. Kila nikikupigia unaanza kusema kabla sijamaliza, halafu unaniambia "sawa, sawa, Marlene" kwa ile sauti ya kumbembeleza mbwa, halafu unakata. Kwa hiyo leo nimekaa mezani kwa Baba, nitasema mpaka nimalize.

Habari yenyewe ni lile debe la biskuti za mchele tulilolikuta gereji baada ya mazishi, lenye vile vitabu vya katuni alivyovisoma Baba akiwa mtoto kambini. Uliniagiza nisiviguse. Uliniambia karatasi za enzi zile humeguka kama mkate mkavu na jasho la vidole huziharibu, na kwamba nimsubiri rafiki yako Bwana Lundquist, mfanyabiashara wa katuni za kale, azikague, azisafishe, kisha kila kitabu akifungie ndani ya kasha la plastiki gumu lisilofunguliwa tena. Nilikuuliza, sasa mtu atakisomaje? Ukacheka. Ukasema, "Marlene, hivi havisomwi, mdogo wangu. Hivi vinatunzwa." Nami mtu mzima, niliyestaafu uuguzi, nikajiona kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga darasani.

Bwana Lundquist akaja. Akavaa glavu, akatazama majalada, akafunua kurasa chache, akaguna. Aliniambia kuna mtoto alichezea penseli humo ndani, ila nisiwe na wasiwasi, penseli inafutika, na wewe umeshampa ruhusa aifute. Kisha akaniuliza kama mimi ni msomaji wa katuni za mashujaa, nikamjibu kwamba sijawahi kusoma hata moja. Akatabasamu kama daktari wa meno, akasema, "Basi usianzie na hizi, mama." Afadhali asingesema hivyo. Gari lake lilipopinda kona tu, nikachemsha chai, nikafunua debe, nikaanza na kitabu cha juu.

Sitakuficha, mwanzoni nilifurahi. Kumbe ndivyo mlivyokuwa mkifaidi wewe na binamu zetu, mmejifungia chumbani, mimi mlangoni nagonga, mnaniambia si mambo ya wasichana! Huyu Jemadari Tufani mchana ni mwalimu wa jiografia asiye na mbele wala nyuma, wanafunzi wanamtupia chaki. Upepo ukivuma anazunguka mara moja, anatokea na joho la njano na kifua kama mlango wa benki. Nilicheka peke yangu pale alipolivuta treni kwa meno. Nikasema, loo, nimenyimwa utamu huu miaka yote.

Kisha nikafunua ukurasa mwingine, nikakutana na sisi.

Wale eti ni askari wa adui, Wajapani wa vita vile, lakini hawakuchorwa kama watu. Wamepewa kucha na miwani minene, ngozi ya rangi ya haradali, na meno yanayotoka nje ya mdomo kama ya panya. Hawasemi, wanabweka. Jemadari anawapiga ngumi wanaruka huku na huku, na chini pameandikwa maneno ya kuwaonya watoto kwamba panya hawa wako hata mtaani kwenu, kaeni macho. Kitabu cha pili ndicho kikaingia huko mtaani. Adui ni mzee mwenye duka, hapa hapa California, anaficha redio ndani ya gunia la mchele. Glenn, Babu alikuwa na duka Walnut Grove. Alikuwa akiuza mchele! Na vitabu hivi viliuzwa kwenye duka la kambi, jangwani Arizona, kwa watoto waliofungiwa nyuma ya seng'enge pamoja na mama zao kwa kuwa Marekani ilipigana na Japani na sura zao zilifanana na za Wajapani, wakati wao ni Wamarekani kama huyo mchoraji aliyekaa zake anachora.

Damu ilinichemka mpaka nikasimama. Nilikukasirikia wewe kwanza. Umezisoma katuni za enzi zile tangu ukiwa mdogo, umetundika majalada yake sebuleni, umewapeleka wanao kwenye maonyesho wamevaa majoho. Hukuyaona meno hayo? Au uliyaona ukageuza ukurasa haraka? Kisha nikamkasirikia Baba, ambaye hata mwaka hajamaliza kaburini. Mtu ambaye hakututamkia neno kuhusu kambi, mpaka sisi tukakua tukidhani wakubwa wakisema "kambini" wanazungumzia kambi ya likizo yenye ziwa na mitumbwi, ndiye aliyehifadhi matusi haya kwenye debe maisha yake yote? Nusura nilibebe debe zima nikalitupe kwenye pipa la taka.

Kilichonizuia ni ngumi. Niliiona mikono ya Jemadari Tufani haijakaa sawa. Nikavaa miwani, nikasogea dirishani. Kila ngumi ilikuwa imechorewa kitu kwa penseli iliyofifia, kidogo, cha pembe tatu, chenye mkanda mweusi chini. Nilikikodolea macho mpaka nikakitambua. Lilikuwa tonge la wali, Glenn. Tonge lile lile alilotufungia Bibi tukienda safari, la mwani na tunda chachu katikati. Ukurasa kwa ukurasa, kila ngumi imetiwa tonge. Na wale panya si panya tena. Meno yao yamefunikwa kwa penseli, kila mmoja amechorewa mdomo wake, mwingine masharubu, mwingine kitambaa kichwani. Jemadari Tufani anapita vitani anawalisha watu wali.

Nilimleta Shangazi Sumi siku iliyofuata. Unamjua Shangazi, anasikia akitaka. Nilimwekea kitabu mbele, nikamuuliza kama anakumbuka kaka yake akichora. Akakitazama, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Huyu Bwana Otsubo!" akasema. "Mpishi wa bwalo letu! Ona taulo lake! Alikuwa akitupikia figo za kondoo, mwanangu, kila mtu anatapika." Akanionyesha kinyozi, akanionyesha bibi wa banda la pili aliyevuta kiko, akanionyesha mlevi aliyetengeneza pombe ya zabibu kavu chini ya sakafu. Ukurasa mzima wa maadui walikuwa majirani zake. Akaniambia watoto wote wa kambi walipenda kucheza Jemadari Tufani, ugomvi ulikuwa nani awe adui, kwa kuwa adui alipigwa kweli. Baba alikuwa mdogo kwa umbo na mwenye miwani. Basi kila siku ni yeye. "Akirudi bandani pua inatoka damu," akasema, "anachukua penseli, anakaa kuchora."

Sisi tulidhani mzee wetu anajua kuchora ramani za makalvati ya barabara tu, maana ndiyo kazi aliyoifanya serikalini mpaka akastaafu.

Tukafika kwenye kile kitabu cha muuza duka. Pale hakuna tonge. Uso wa yule mzee umesuguliwa kwa kifutio, ukasuguliwa tena, mpaka karatasi ikatoboka; tundu hilo mwanzoni nilidhani ni la nondo. Ni uso wake tu, aproni ipo, gunia lipo. Shangazi akaacha kucheka. Aliniambia wapelelezi wa serikali walimchukua Babu dukani hata kabla familia haijapelekwa kambini, wakampeleka gereza jingine mbali, na kwa muda mrefu hawakujua kama yu hai. Baba alikuwa akimuuliza mama yao kila wakati kama kweli palikuwa na redio kwenye mchele. Mama yao alimpiga kibao. Ndiyo siku Baba aliposhika kifutio.

Sasa njoo kwa Bwana Lundquist wako. Alikuja tena jana kuniletea makubaliano. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamweleza yote haya, tonge kwa tonge, Shangazi yupo pembeni anathibitisha. Alisikiliza kwa adabu. Akasema inagusa moyo sana. Kisha akasema wakusanyaji wanakitaka kitabu kama kilivyotoka kiwandani, kwa hiyo penseli itafutwa kwa unga maalumu, kurasa zitapigwa pasi, na lile tundu lisinitie hofu, kwani anamjua fundi Florida ambaye huziba kwa karatasi ya umri ule ule, kisha anachora upya pale palipopotea, huwezi kujua.

Nikamuuliza, anachora nini?

"Uso," akasema. "Kama ulivyokuwa."

Nikamuuliza, pamoja na meno?

Akanitazama kama mtu asiyeelewa ameulizwa nini. "Bila shaka, mama. Pamoja na meno yake."

Yaani tumlipe mtu amrudishie Babu meno ya panya, Glenn! Kisha tumfungie ndani ya plastiki ambayo hakuna mkono wa mjukuu utakaoweza kuifungua, na wewe utundike sebuleni! Nilimuuliza huyo bwana kama hana babu. Akasema uamuzi si wangu peke yangu, kaka yangu mkubwa ameshaafiki, na kesho yake angekuja na masanduku. Shangazi akamwambia, "Njoo, mwanangu, njoo. Utatukuta." Kwa upole kabisa. Ningekuwa yeye ningekimbia.

Hapa ndipo ninapotakiwa kukuungamia, na nakuomba ukae chini, si kwa ajili ya goti tu. Alipoondoka niliendesha gari mpaka duka la vifaa vya wachoraji, nikanunua chupa ya wino mweusi, ule usiofutika, ule ule aliochorea Baba ramani zake. Nikatoa kalamu zake kwenye droo, nikazisafisha ncha kwa maji ya moto. Kisha Shangazi na mimi tukaketi mezani, nikapita juu ya penseli ya Baba, mstari kwa mstari. Matonge yote. Midomo yote. Taulo la Bwana Otsubo, kiko cha yule bibi. Shangazi alinisimamia kama msimamizi wa barabara, "Hapo umenenepesha, huyo hakuwa na mashavu, wewe!" Sikuongeza changu hata kimoja. Mikono yangu imedunga sindano watoto wa shule maisha mazima, inajua kwenda taratibu.

Asubuhi ya leo Bwana Lundquist amekuja na masanduku yake. Alifunua kitabu cha kwanza, akafunua cha pili, akashika kichwa kwa mikono miwili, na glavu zake. "Mama," akasema, "umeviua." Nikamwambia sasa hakuna unga utakaoutoa wino huo, amsalimie fundi wa Florida. Akasema hakuna mkusanyaji hata mmoja duniani atakayevigusa. Nikamwambia ndivyo nilivyotaka. Nadhani ameshakupigia simu, na nadhani umeshapaza sauti, na Patrice amekuletea maji. Paza sauti mpaka uchoke. Sijutii. Kama ulikuwa umeshavipangia mahali ukutani, samahani kwa ukuta.

Kitu kimoja tu sikukigusa. Nilipomaliza nilimuuliza Shangazi tufanye nini na tundu. Nilikuwa tayari kumchora Babu. Tunayo picha yake, amesimama mbele ya duka na aproni. Shangazi alipitisha kidole pembeni mwa tundu, akasema, "Acha. Siku zile baba yetu alikuwa hayupo. Pabaki hivyo."

Basi pamebaki hivyo.

Nisalimie wifi Patrice na watoto, uwaambie Shangazi anauliza lini watakuja kumwona naye bado ana macho. Debe liko juu ya meza, halina kifuniko. Ukivitaka vitabu vya Baba, nunua tiketi ya ndege, uje uvisome. Usimtume mtu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye vidole vyeusi,
Marlene Nishizaki