Wimbo wa Kumi na Moja

Jumatatu, 6 Mei

Nimepalilia maharage mpaka mgongo ukagoma. Ukungu kutwa. Kuni mbichi. Nimepika bada la muhogo na mboga ya mchunga, nimekula peke yangu.

Rehema ametuma redio. Baba Sofia wa bodaboda ameileta kutoka stendi ya Lushoto, imeviringishwa kwenye kanga. Ndogo, inakaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Ndani ina kadi, na kwenye kadi kuna nyimbo zake kumi na moja. Albamu. Mjukuu wangu ana albamu. Hana kampuni, hana bosi. Ametunga mwenyewe, amepiga gitaa mwenyewe, amerekodi chumbani kwake Tanga, magodoro kayaegemeza ukutani kelele za jirani zisiingie. Jumamosi ya wiki ijayo anaziweka mtandaoni, asikie anayetaka.

Alipiga simu. Anataka nisikilize zote, wa kwanza mpaka wa mwisho, ndipo niseme. Kabla ya hapo nisitoe neno. Ananijua mdomo wangu. Nimeahidi.

Shule sikukanyaga. Herufi nilizipata ngumbaru, nikiwa tayari na watoto. Naandika humu yale nisiyoweza kumwambia mtu. Ya leo: nina furaha mpaka naona aibu.

Jumanne, 7 Mei

Nimesikiliza nikichambua mbegu.

Wa kwanza ni barabara ya kutoka Mombo kupanda huku. Kona zake, watu wanavyotapika, kuku chini ya viti. Kweli tupu. Nimecheka. Wa pili mapenzi. Sijui ni kijana gani huyo, lakini analiliwa kuliko anavyostahili. Wa tatu moshi wa jiko langu. Gitaa linakwenda taratibu kama mtu anayepuliza moto.

Wa nne ni mama yake. Fatuma wangu. Alishuka Magoma kutafuta kazi, akarudi anakohoa, tukamzika hapo juu ya shamba la viazi. Rehema alikuwa anatambaa. Tangu amekua hajawahi kulitaja jina hilo mbele yangu. Kwenye wimbo analitaja. Analirudia.

Niliacha mbegu.

Halafu redio ikazimika. Chaji imekwisha.

Jumatano, 8 Mei

Jua hakuna. Sola iko juu ya bati inaloa tu. Redio iliwaka kidogo mchana, ikaanza upya na barabara ya Mombo. Haikumbuki ilipoishia. Rehema alinionya nisiguse vitufe vingine, nisije nikafuta. Sigusi. Kwa hiyo nimepanda tena kona zote, nimemlilia tena yule kijana, nimempita tena Fatuma. Nimefika wa tano. Huo ni wa Kishambaa kitupu, anataja mashamba kwa majina yake. Ikazima.

Nimeipiga kofi redio. Nimejuta. Nimeifuta kwa kanga.

Alhamisi, 9 Mei

Leo soko. Baba Sofia alikuja kuchukua gunia langu la viazi. Mtu mzima, ana wake na watoto, ana adabu, shikamoo yake haikosekani. Alikuwa anafunga kamba za gunia huku anapiga mluzi.

Nikaliachia gunia.

Ule mluzi naujua. Kila mwanamke wa huku anaujua. Ni wimbo tunaomwingizia mwari ndani, siku ya kwanza, mlango umefungwa. Mimi ni kungwi. Nimeuimba miaka na miaka, na bibi yangu aliuimba kabla yangu, na hakuna mwanaume aliyewahi kuusikia. Wanajua upo. Wakikaribia ile nyumba wanageuza njia. Na sasa unatoka kwenye mdomo wa Baba Sofia, juu ya gunia la viazi.

Nilimuuliza kaupata wapi. Akacheka.

"Si wa Rehema huu, Bibi. Kaweka kionjo kwenye simu. Ndio wa mwisho kwenye albamu yake. Mjukuu wako kafunika, vijana wote wa kijiweni wanaupiga."

Nikamwambia anyamaze. Akadhani namtania.

Sikwenda sokoni. Viazi vimekwenda vyenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Bi Zaina amekuja. Ndiye mkubwa wetu sisi makungwi, na kwangu ni dada wa ukoo. Nimempa shikamoo, nimempa kigoda. Chai hakugusa. Hapo nikajua.

Alikuwa na habari zote. Mjukuu wake wa kiume naye anaupiga mluzi ule akichota maji. Bi Zaina kamrushia mwiko.

Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliniogopesha. Wimbo ule ukitoka wote, Rehema si mwari wetu tena. Akizaa hatutakwenda kumkanda. Akija nyumbani atakaa ukumbini na wanaume. Na mimi niliyemfundisha nisikanyage kwa wari wa mwezi ujao.

"Na siku yangu ya kufa?" nikauliza.

"Watakuzika. Sisi hatutaimba."

Nikamwambia mjukuu wangu si mjinga, kuna kitu hatujakisikia. Akaniuliza kama nimeusikia huo wimbo. Nikasema bado. Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka.

Nimekasirika. Kwake, kwa Rehema, kwa ukungu.

Jumapili, 12 Mei

Sijalala vizuri. Jua lilitoka likachungulia likarudi.

Rehema kapiga simu. Kauliza, "Bibi, umefika wa mwisho?" Nikasema bado, chaji. Nikasikia anavyongoja. Mdomo ulikuwa umejaa maneno. Niliahidi, basi. Nikamuuliza kala nini. Kasema chapati. Nikamwambia ale mboga.

Hivi kwa nini nisimwambie tu auondoe? Nimejiuliza kutwa nzima. Nimwambie aondoe kitu ambacho sijakisikia? Yeye alinibeba mgongoni kunipeleka hospitali mwaka ule wa goti. Hajawahi kunihukumu kwa maneno ya watu. Nitausikia kwanza.

Nimewaza dukani kwa muuza duka, ana umeme. Lakini yule hawezi kukaa na redio bila kuiwasha. Duka zima litaisikia. Hapana.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Redio imekufa kabisa.

Nguzo za umeme zilipokuja huku ziliishia kwa Bi Zaina. Kwangu bado wanasema mwakani. Nyumba yenye umeme, isiyo na mwanaume mtu mzima ndani, ni moja tu hapa juu.

Sitaki.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda.

Nilifunga redio kwenye ile kanga, nikakata ndizi mkungu mmoja nisiende mikono mitupu. Bi Zaina alikuwa na makungwi wenzetu wawili, Mama Halima na Bi Mwanahawa, wanapukuchua mahindi. Wakaacha kupukuchua nilipoingia. Nikawaambia sikuja kuomba msamaha wala kubishana. Nimekuja kuomba umeme. Tuusikie, tuusikie wote, kisha waseme watakalo.

Bi Zaina alifikiri. Akamfukuza yule mjukuu wake wa mluzi akakate majani ya ng'ombe mbali. Akafunga mlango. Akafunga na dirisha.

Redio ikaanza na barabara. Hakuna aliyecheka. Wa pili, Mama Halima akanong'ona kwamba kijana huyo bila shaka ni wa Korogwe. Bi Mwanahawa akabana mdomo. Wa tatu, moshi. Wa nne ulipofika nikatazama chini. Jina la Fatuma likapita mle ndani mwenye mahindi, na Bi Zaina, yule yule, akaweka gunzi chini na kujifuta kwa upindo. Ndiye aliyenizalisha Fatuma, Bi Zaina. Alikuwa wa kwanza kumshika.

Wa sita, wa saba, wa nane. Hizo nilikuwa sijazisikia. Za kazi, za mji, wa mwenye nyumba anayekata maji. Nzuri. Wa nane ni mrefu mno na nitamwambia.

Wa tisa ni mimi. Anasema bibi yake ana ulimi wa upupu na mkono wa samli. Anasema nikimpenda mtu namtukana kwanza. Mama Halima alicheka mpaka punje zikamwagika. Bi Zaina akasema mtoto huyu ana macho. Nilijifanya nimenuna. Sikununa.

Wa kumi gitaa tupu. Mvua inasikika nyuma.

Halafu wa kumi na moja.

Hakuna gitaa. Kinu tu, na makofi, na sauti yake. Maneno si yale. Ameyaacha yote, hata moja hakulichukua. Anaimba kuhusu mwanamke anayeshuka na mzigo wa kuni, kila mwanamke anayemkuta njiani anampunguzia kijiti kimoja. Lakini sauti ya wimbo ni ile ile. Makofi ni yale yale. Inavyopanda, inavyokata, inavyongoja waitikie.

Na sisi tukaitikia. Sijui nani alianza. Bi Mwanahawa alikuwa anapiga makofi macho kafumba. Mimi nilikuwa nimesimama, goti limesahau kuuma. Nimefundisha wari wengi. Hakuna aliyewahi kuuimba hivi. Hata mimi.

Ukaisha. Redio ikarudi kwenye barabara, Bi Zaina akaizima.



"Ni mzuri," akasema.

"Ni mzuri," nikasema na mimi.

"Na hautoki nje."

Akaningoja na mimi niseme. Nikasema. "Hautoki."

Nimerudi na mvua. Nimelia njiani kama mtoto. Ningekuwa nimeukuta mbaya ningelala salama.

Jumatano, 15 Mei

Nimempigia mapema kabla moyo haujabadilika. Nimemwambia nimefika mwisho. Nikamsifia zote kumi, moja moja, hata wa kijana wa Korogwe. Nikamwambia wa nane aupunguze. Akacheka. Kisha akaniuliza, na wa mwisho?

Nikamwambia auondoe kwenye albamu.

Akasema maneno aliyaacha makusudi, alichukua sauti tu. Akasema hakuna siri aliyotoa.

"Rehema, msichana akiisikia ile sauti mara ya kwanza anajua ameingia pasipo mtu mwingine. Anatetemeka, ndipo anashika ninachomwambia. Sasa Baba Sofia anaipigia mluzi kwenye viazi. Mwari wa mwezi ujao nitamwambia nini? Atanicheka. Atasema mbona huu wa bodaboda."



"Ndio bora kuliko zote, Bibi. Albamu yote nimeitengeneza ili ifike pale."

"Najua. Nilisimama."

"Umesimama? Na goti?"

"Na goti."

Nikasikia anavuta kamasi. Sikumwambia habari za Bi Zaina, za kukandwa, za msiba wangu. Sitaki auondoe kwa kunionea huruma. Akiuondoa auondoe kwa sababu ameelewa. Akiuacha humo, nitasimama naye ukumbini na wanaume, na wanione.

Akasema atafikiri. Akakata.

Nimechoma ugali. Mimi, nimechoma ugali.

Ijumaa, 17 Mei

Hajapiga. Sijapiga.

Bi Zaina kapita njiani, hakusimama. Alipunguza mwendo tu.

Nina hasira na huyu mtoto na ningempa figo zangu zote mbili.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekaa barabarani tangu asubuhi na jembe mkononi, najifanya nazibua mfereji. Mgosi mmoja, mzee wa hapa jirani, kanisalimia, kaniuliza mfereji gani huo usiokwisha. Nimemwambia aende zake.

Baba Sofia akaja. Nikamsimamisha. Fungua simu, mtafute Rehema. Akafuta skrini kwa shati, akatafuta. Akasema imetoka, hii hapa, na picha ya jiko langu mbele. Nikamwambia ahesabu nyimbo. Akahesabu.

Kumi.

Hesabu tena. Kumi, Bibi. Wa mwisho gitaa na mvua. Na kile kionjo hakionekani, kakiondoa. Akauliza ule mtamu umekwenda wapi.

Nikamwambia akinipigia tena ule mluzi viazi vyangu atavibeba mwingine. Safari hii hakudhani natania. Akasema samahani, Bibi. Sijui kaelewa nini, lakini ameelewa.

Nilikaa kwenye tuta. Nilidhani nitafurahi. Niliona tu mtu amekata mkono wake mzuri kwa sababu nilimwomba.

Jumapili, 26 Mei

Rehema amekuja. Kakonda. Kaleta dagaa, betri mpya ya sola, na kadi mpya ya redio yenye nyimbo kumi. Alipoingia alinipigia magoti, shikamoo, kisha kichwa akakilaza mapajani kwangu kama zamani. Nikamwambia nywele zake zinanuka basi.

Wa nane kaupunguza. Watu wanaisikiliza albamu, anasema, si wengi. Kuna mwanamke Arusha kamwandikia kwamba wa nne ulimfanya apige simu kwa mama yake.

Mchana tulikwenda kwa Bi Zaina. Sikumwambia kwa nini. Walikuwepo wote, Mama Halima, Bi Mwanahawa, na wengine niliowapitishia habari, jiko limejaa. Bi Zaina akamkabidhi Rehema mchi. Akafunga mlango, akafunga dirisha.

Rehema alinitazama.

Nikamwambia, "Haya. Wa kumi na moja."

Aliuanza na maneno yake, ya kuni. Mara ya pili tukampa yale yetu. Hakuna aliyerekodi.

Sasa amelala. Mvua imeacha. Nimewasha redio chini chini, inakwenda barabara, inakwenda Fatuma, inafika gitaa na mvua, inarudi mwanzo. Naiacha irudi.