Hitma ya Mjomba Yusufu Isisomwe

Mama yangu Zaituni,

Nakuamkia kwa heshima kutoka huku mbali. Goti lako linaendeleaje? Usiniambie "mzima tu", najua umelima mpaka limevimba. Mimi hapa Nairobi sijambo, ila kazi ya kufua hotelini inanichubua mikono na baridi ya mwezi huu haina adabu. Asha, mdogo wangu, soma polepole, na Mama aketi kwanza.

Mama, wazee wetu wa Kuluba wasisome hitma ya Mjomba Yusufu hiyo Ijumaa, hata kama wamechoka kungoja kaburi. Zuia. Lala mlangoni ikibidi.

Uliponituma nimtafute kaka yako ulisema, "Kama Yusufu iko nakufa, mutu moja iko najua kaburi yake. Bila kaburi, hakuna hitma." Basi kila siku ya mapumziko nimekuwa nikienda maktaba kusoma magazeti ya zamani, kurasa za matangazo ya vifo. Watu wa huku hawafi kimyakimya: picha, na chini yake ukoo mzima mpaka mashemeji. Nilimtafuta Mjomba kati ya marehemu huku nikiomba nisimwone. Nimewalilia watu nisiowajua, Mama.

Mama mmoja anayetunza magazeti hayo alinionea huruma. "Wewe unasoma waliokufa tu," akasema. "Soma pia waliofiwa. Walio hai wameandikwa hapo chini."

Nikaanza upya. Wiki iliyopita nikakuta tangazo la mama mmoja Mkristo wa hapa, aliyefariki mwaka jana: "mke mpendwa wa Yusufu Lomoro wa Koboko". Koboko yetu! Nilipiga kelele maktabani! Nikasoma mbele: "wifi wa marehemu Zaituni". Wewe, Mama. Marehemu.

Tangazo lilitaja mtaa walipokutana waombolezaji. Nikaenda, nikauliza mpaka nikaonyeshwa mlango. Akatoka mzee mwenye pua yako.

"Wewe iko mutoto ya nani?"

"Wa Zaituni wa Kuluba."

"Zaituni nakufa zamani. Ule mwaka ya kukimbia vita, mutu ya lori pale mpaka ya Vurra naniambia, dada yako nabaki njiani kwa Congo. Sasa mimi narudi kwa nani?"

Ndiyo sababu hakurudi. Hakututupa, kama wazee wanavyosema. Kila mwaka amekusomea hitma wewe! Akaniuliza kaburi lako liko wapi, aweke jiwe. Nikamwambia kaburi lako linalima mihogo, tena lina mdomo. Alicheka, kisha akalia, nami nikalia naye.

Nilitaka akupigie simu, akakataa. "Sauti ya maiti kwa simu? Hapana. Mimi nakuja naona na macho." Akaniapisha nami nisipige. Kwa hiyo barua hii inatangulia na dereva wa basi la Arua, na Mjomba atapanda Jumatano. Mbuzi wa hitma msimfungue. Achinjwe hiyo Ijumaa, tena aongezewe mwenzake.

Nisalimie Baba Mdogo wa Ediofe aliyeipokea barua hii kwa dereva akakuletea, na Shangazi Poni anayeuza samaki soko la Koboko. Mzee wa ukoo mwambie hitma imekatazwa na marehemu mwenyewe.

Naye akishuka kwenye basi, Mama, usimpokee kwa upole. Mfokee kama unavyotufokea sisi. Sura yako anasema imemtoka akilini, lakini sauti hiyo bado anaisikia.

Nakupenda sana.

Binti wa marehemu anayelima,
Hawa