Nilichotafsiri Pale Penye Migomba

Jumamosi alasiri. Mvua ya Kisii, ile isiyobisha hodi.

Shajara yangu,

Ilitukuta tukitoka kanisani na mpaka sasa inapiga mabati, hata redio ya jirani siisikii. Bado niko na nguo za ibada, zimelowa kuanzia magotini kwenda chini, na sijapata nguvu ya kubadilisha. Nimejikunyata kitandani na simu, naandika shajara hii ninayoiweka mtandaoni. Jikoni, juu ya meza, kuna mkungu wa ndizi ambao siwezi kuutazama.

Mwanamke mzima, naogopa ndizi.

Wacha nianze mahali panapoeleweka. Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu: nawatafutia watu mashamba na ploti, kutoka Nyamache mpaka huko Borabu. Kwenye kadi nimeandika wakala wa ardhi. Mtaani wananiita broka, na broka akiwa mwanamke huongezewa majina mengine ambayo sitayaandika siku ya Sabato. Sijali. Kazi hii imenilelea watoto wawili.

Sasa hivi nina muuzaji mmoja na mnunuzi mmoja, shamba ni lilo hilo moja, na aliyesimama katikati ni mimi peke yangu.

Muuzaji ni Magokoro Nyaboke. Magokoro kwa Ekegusii, lugha yetu, ni nyanya, ingawa yeye si nyanya yangu wa damu. Alikuwa akikaa benchi moja kanisani na marehemu mama yangu, na hilo linatosha. Ana kipande chake Nyakoe, si mbali na soko, na amekaa hapo peke yake tangu mumewe afariki. Miguu imemkataa. Msimu wa mvua uliopita alianguka akitoka kuteka maji, akalala matopeni mpaka jirani alipomwona. Mwanawe aliye Nyansiongo ana ng'ombe, ana mahindi, ana chumba cha kumpa mama yake, na amemwomba ahamie kwake. Ndiyo maana anauza.

Mnunuzi ni Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa hapa mjini. Ofisi yangu, ninayojisifu nayo, ni meza moja kwenye pembe ya duka lake, nyuma ya mabunda ya leso. Babu yake alikuja Kisii kufanya biashara zamani, lakini yeye alilelewa na shangazi yake Mombasa, akarudi akiwa mtu mzima kushika duka. Ekegusii chake ni cha kuuzia: salamu, bei, na mbuya mono, yaani asante sana, mteja akishalipa. Amechoka kupanga. Anataka kujenga nyumba yake na kumhamishia mama yake mahali penye hewa.

Magokoro naye Kiswahili chake ni cha sokoni, hakivuki kuulizana bei. Kwa hiyo mimi si broka tu. Mimi ndiye mdomo wa huyu na sikio la yule.

Kila mmoja aliniuliza swali lilelile kwa wakati wake. Magokoro aliuliza akinimenyea muwa: "Kemunto, kwenye hii kazi wewe ni mtoto wangu, au ni wa huyo anayenunua?" Nikamwambia, wako. Bi Zuhura aliuliza akiwa na mkasi mkononi, akikata dera la mteja: "Mwenzangu, hapa uko upande wangu, sivyo?" Nikamwambia, kabisa.

Sikuona kama nadanganya. Nilijiona nina bahati. Wote wawili nawapenda, nikajiambia, nani atawatendea haki kuliko mtu anayewapenda wote? Nilijiona mwema sana siku hizo. Nilitembea mjini nikiwa nimeinua kidevu.

Shida ni kaburi.

Mume wa Magokoro amelala kwenye lile shamba, kati ya migomba, mkono wa kulia wa nyumba. Kaburi halikusakafiwa. Msalaba wa mbao ulioza, udongo ukashuka, nyasi zikaota. Mgeni akipita pale anaona migomba tu, tena mizuri. Na si pembeni ambapo ningeweza kusema tukate kipande tuweke ua. Ni katikati kabisa, mahali pazuri kuliko pote.

Bi Zuhura aliniambia mapema, kabla hata hajaliona shamba, kwamba kaburi la mtu yeye haligusi wala hajengi juu yake, na kama liko nimwambie atafute kwingine. Aliongea kwa upole, si kwa kutisha. Nikamjibu kwamba shamba halina shida. Nilisema hivyo nikijua kaburi nitalishughulikia baadaye. Sijui nilidhani nitalishughulikia vipi. Labda nilidhani mzee atahama mwenyewe.

Jumanne niliwakutanisha. Magokoro alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, ameweka chai na viazi vitamu, ametoa kiti kizuri nje. Walipendana mara moja. Bi Zuhura alimshika mkono wakazunguka mpaka wote pamoja, polepole kwa ajili ya miguu, mimi nikiwafuata nyuma nikiwatafsiria: hapa kuna jiwe la mpaka, pale kuna chemchemi, jirani huyu ni mtu mzuri, yule ana mbwa.

Tulipofika kwenye migomba Magokoro alisimama. Akaweka mkono kwenye mgomba mmoja, akaongea kwa muda mrefu akimtazama Bi Zuhura usoni. Alimwambia kuhusu mumewe. Alimwomba kitu. Mwisho machozi yakamtoka akayapangusa kwa kile kitambaa.

Bi Zuhura akanigeukia. "Anasema nini?"

Na mimi, Kemunto, mtoto wa mama yangu, nikasema: "Anasema migomba hii ameipanda mwenyewe. Anakuomba uitunze."

Bi Zuhura naye akatokwa na machozi. Akamshika Magokoro mikono yote miwili. "Mwambie nitaitunza kama alivyoitunza yeye. Mwambie asiwe na wasiwasi kabisa."

Nikamgeukia Magokoro nikamwambia kwa Ekegusii kwamba amekubali. Kwamba hana neno.

Walikumbatiana. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona muuzaji na mnunuzi wakikumbatiana namna ile. Nilisimama pale, na sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inasema, Kemunto, umeweza.

Usiku ule mwanawe alinipigia kutoka Nyansiongo kuuliza kama mnunuzi ameelezwa kuhusu baba. Nikamwambia ameelezwa. Kwenye makubaliano yaliyoandikwa kaburi halimo, kwa sababu Magokoro haoni haja ya kuandika jambo ambalo watu wawili wameshikana mikono wakalia.

Ningeweza kuendelea hivyo, nadhani. Aibu ni kitu cha kuzoeleka. Lakini jana Bi Zuhura alikuja kwenye meza yangu akiwa na furaha, ameshika mchoro wa fundi wake. Fundi amelitazama shamba. Nyumba itakaa pale ilipo ya Magokoro. Jiko litatazama chemchemi. Na shimo la maji taka litachimbwa kwenye migomba, kwa sababu mteremko wa pale ni mzuri.

Aliniona naukodolea mchoro macho akadhani naionea huruma migomba. Akanipapasa bega. Akasema hajasahau ahadi yake: kabla fundi hajaanza kuchimba, atang'oa machipukizi yote, ayafunge kwa magunia yenye maji, ayasafirishe mwenyewe mpaka Nyansiongo ili Magokoro ayapande kwa mwanawe. Gari ameshaliulizia.

Anatimiza ahadi. Anaitimiza vizuri kuliko watu wengi ninaowajua. Ni mimi niliyempa ahadi isiyokuwa yake.

Nilimwambia Ombati, broka mwenzangu, tukiwa tunakunywa chai pale nje. Ombati ni mtu wa kucheka kila kitu, lakini hakucheka. Akaangalia huku na huku, akasema: "Madam, wewe funga dili kwanza. Kaburi ni stori ya baadaye. Ukifungua mdomo saa hii, utakosana na wote wawili, na utahamisha meza." Nikamuuliza, kama angekuwa nyanya yake? Akasema nyanya yake hana shamba karibu na soko. Tukamaliza chai.

Na ni kweli, nitahamisha meza. Bi Zuhura hanitozi kodi ya maana. Alinipokea wakati hakuna aliyetaka broka mlangoni kwake. Na Magokoro ndiye aliyekaa nami siku tulipomzika mama, akanishika kichwa mapajani mwake. Nikisema, nampoteza mmoja au wote. Nisiposema, jembe la fundi litasema. Nimegeuza jambo hili kila upande sioni mlango. Nilikuwa nikiona kusimama katikati ni mahali salama. Jamani, katikati hapana hata pa kuegemea.

Keshokutwa tunakwenda mbele ya bodi ya ardhi kuomba kibali cha kuuza. Wazee wa bodi watamuuliza Magokoro kama anauza kwa hiari na kama familia imekubali. Watauliza kwa Kiswahili. Mnajua nani ameombwa kutafsiri.

Leo kanisani nilikaa nyuma ili nitoke mapema. Hakuna cha kutoka mapema. Mwanawe alikuwa amemkodia Magokoro pikipiki kutoka Nyakoe, na miguu yake ile, ili aje anishukuru. Alinishika mkono mbele ya watu, akaniombea kwa sauti, akawaambia akina mama kwamba Nyaboke hana binti mjini lakini ana Kemunto. Kisha akamwambia mwenye pikipiki alete mkungu. Aliukata jana kabla Sabato haijaingia. Akaniinamia sikioni: "Ni za pale kwa mzee. Zimenona kuliko zote."

Huo ndio mkungu ulio mezani.

Nilipofika nyumbani nilishika simu nimpigie Bi Zuhura. Nikaiweka chini. Nikajiambia leo ni Sabato, biashara haizungumzwi, nitampigia jua likizama. Nikafurahi, maskini, kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Nikachungulia dirishani. Kwa mvua hii, nani ataliona jua likizama? Nikaona naweza kukaa hivi mpaka kesho, na kesho nitapata sababu ya kesho.

Hapo ndipo nilipojishika. Tangu lini kusema kweli kukawa biashara?

Sabato haijanikataza chochote. Kinachonikataza ni hii meza, na hili jina zuri nililopewa leo mbele ya akina mama, na mazoea ya kuwaambia watu kwamba mwenzao hana neno. Nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote ya kazi. Huyu hana neno, yule hana neno. Wote walikuwa na neno. Magokoro alikuwa na neno refu kabisa, na Bi Zuhura alikuwa na haki ya kulisikia na kulikataa. Nilimnyang'anya huyu swali lake, na yule nikamnyang'anya jibu lake.

Sijui itakuwaje. Pengine Bi Zuhura atajiondoa, na Magokoro atabaki na ile njia ya maji na matope yake, na mwanawe atanilaani kwa haki. Pengine watapata namna ambayo kichwa changu hakikuiona. Hilo ni lao. Nimekuwa nikiliamua kwa niaba yao bila kuombwa.

Nataka tu nisikosee tena. Kwa hiyo nayaandika hapa kwanza, kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama nilivyotakiwa kuyasema Jumanne. Magokoro aliweka mkono kwenye mgomba, akasema:

"Mama, hapa amelala mume wangu. Alichagua hapa mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo alipokuwa akinisubiri nikitoka sokoni. Sikuuzii yeye, nakuuzia udongo ulio pembeni yake. Nikifa nataka wanirudishe, nilale karibu naye. Sitakusumbua, mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini ni nyumba yako sasa, kwa hiyo nakuuliza wewe, siwaulizi wanangu. Utaniruhusu? Ukikataa sitakasirika. Niambie tu sasa, nikiwa hai, ili nisiuze, nibaki naye."

Ndivyo alivyosema, Bi Zuhura.

Jua bado halijazama. Nampigia hivyo hivyo.